Kombe Alilolisugua Maman

Enzi zetu pale Laeken, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kombe lilikuwa moja na mshindi mmoja. Wengine mnaenda nyumbani kula bukari, ugali wetu, na samaki wa tomsoni, basi.

Papa, baba yangu, alikuwa Mkatanga pekee katika kilabu cha bunduki cha mtaa wetu. Kila kiangazi wazee wa kilabu walipachika ndege wa mbao juu ya mlingoti mrefu, wakampiga risasi kwa zamu. Aliyemwangusha alipewa kombe la fedha, zito kama mtoto mchanga, lenye majina ya washindi tangu enzi za babu zao. Desturi yao: unakaa nalo mwaka mzima, na siku ya kulirudisha ndipo jina lako linachorwa. Mwaka ule Papa ndiye aliyemwangusha. Alitembea mtaani utadhani ameua simba!

Kombe likakaa juu ya televisheni, jeusi kwa uzee, linanuka sarafu na bia ya zamani. "Musiguse, hii haiko yetu," Papa alitufokea. Alichongojea ni jina lake tu kuingia mule.

Lakini Maman! Kwa mwanamke wa Lubumbashi, chombo cheusi ni aibu ya nyumba. Siku ya kulirudisha ilipokaribia akawaka: "Alors, batasema bibi ya Papa iko muchafu?" Akaenda Matonge, mtaa wa Waafrika, kuomba majivu kwa mchoma brosheti, mishikaki yetu, akakata limau, akachukua nyuzi za chuma, akasugua kama anavyosugua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kombe liling'aa kama kipara. Majina, ambayo tayari yalikuwa yamelika kwa kushikwashikwa, yakaondoka na maji machafu.

Kilabuni, mwenyekiti aligeuza kombe huku na huku. "Washindi wako wapi?"

"Mke wangu ameliosha kidogo," Papa akajibu.

"Kidogo?"

Papa akavua kofia, tayari kufukuzwa. Bon, wazee wakaanza kuyataja majina kwa kichwa, na kila mmoja anataka babu yake awe wa kwanza. Nusura washikane mashati! Mchoraji akachoka kungoja. "Jina gani ni la hakika?" Lilikuwa moja tu. Akalichora juu kabisa: la Papa. Mababu wa Kibelgiji wakapangwa chini yake baadaye, na huko wako mpaka leo.

Sasa tazameni hawa watoto wetu. Jumamosi mwanangu karudi kutoka mpirani na kombe la plastiki.

"Mumemushinda nani?"

"Mama, tout le monde a gagné!"

Wote wameshinda! Hata yule aliyekaa benchi anakula keki ya gofri. Nilitaka kumpigia kocha wao nimpashe. Dirisha langu limejaa hayo makombe, mepesi, upepo ukipita yanaanguka. Nayaokota kwa hasira, lakini nayapanga tena, kwa sababu hakuna hata moja ambalo mtoto wangu aliwahi kulikosa kwanza, akalala analililia kama sisi enzi zetu.