Kabila: Mchotara

Ninyi wenzangu mliolelewa kwenye yunipoti, vile vinyumba vya bati vya duara walivyopewa polisi, mtanielewa nikisema kwamba enzi zetu mtoto mgeni hakuulizwa jina. Jina la nini? Aliulizwa kabila. Familia mpya ikishuka kwenye lori na magodoro yake, sisi tulikuwa tumekwisha kujipanga kando ya bomba la maji, miguu vumbi tupu, na swali letu lilikuwa moja: "We kabila gani?" Akisema Mwacholi, tulimwonyesha nyumba za Waacholi wenzake. Akisema Mteso, tulitaka kujua kama mama yake anajua kusonga ule ugali mweusi wa ulezi. Baada ya dakika tano alikuwa uwanjani nasi akikwepa mpira wa matambara kwenye kwepena, na jina lake huenda tulilijua wiki iliyofuata.

Kambi yetu ilikuwa upande wa Nakawa. Mimi nilikuwa Mwacholi, binti wa konstebo, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Mchotara.

Neno hilo naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Mama yake alikuwa Mlugbara, ameolewa na koplo wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Baba aliyemzaa alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, akaondoka nchini na Wahindi wenzake walipofukuzwa, wakati binti bado ananyonya. Hayo niliyajua baadaye. Utotoni nilijua tu kwamba nywele zake zinafika mabegani na kwamba rangi yake ni ya chai ya maziwa. Binti yangu ananiambia siku hizi rangi ya mtu haifananishwi na chakula, basi chai naiacha. Kambi nzima, kuanzia mke wa inspekta hadi mnyoa nywele wa getini, ilimwita Chotara. Chotara, njoo ule. Chotara, mpira wako huo umeingia mferejini. Mimi nilidhani Wachotara ni watu wa mahali fulani ng'ambo ya Naili, wana lugha yao na ngoma yao, na nilimwonea wivu kwa kuwa yeye peke yake kambini ndiye aliyekuwa wa kabila hilo.

Tukiwa darasa la tatu, mwalimu alileta fomu za kujaza. Kila mtoto alisimama akataja jina, jina la baba, dini na kabila. Rafiki yangu aliposimama alitaja jina lake, Rehema, akataja jina la koplo, akasema ni Mwislamu. Alipofika kwenye kabila akanyamaza, akawa anavutavuta upindo wa sketi. Nikadhani amesahau. Mimi huyo nikasimama bila kuitwa, nikasema kwa sauti ya kumwokoa mwenzangu: "Huyu ni Mchotara, mwalimu, na mama yangu anasema ni watu wasafi sana." Darasa halikucheka, maana nusu yao walikuwa watoto wa kambini na waliamini kama mimi. Mwalimu alitutazama sote wawili, akafungua kalamu yake, akaandika. Jioni baba yangu aliposikia habari hiyo alicheka hadi akavua kofia ya kazi kujipepea. Kisa hicho kilizunguka kambi nzima, na kwetu kilisimuliwa kila Krismasi kwa miaka zaidi ya arobaini.

Jamani, tulikula maisha. Jumamosi asubuhi baba alipita nje akipiga rungu kwenye bati: "Leo iko inspeksheni, toto yote kwenda oga." Tulioga kwenye karai moja, mimi na Rehema, kisha mama yangu akatuweka katikati ya magoti kwa zamu na kutusuka. Nywele za Rehema ziliteleza na kumshinda, basi alizipaka mafuta ya nazi na kumwambia akae kimya kama rais. Nyumbani kwao tulikula mandazi ya iliki, kwetu tulikula mboga chachu iliyoungwa kwa odii, ile siagi ya karanga na simsim, tukilamba vidole hadi kwenye kifundo. Hakuna mzazi aliyemuuliza mtoto amekula wapi. Watoto wa leo mwenzao akija nyumbani lazima mama yake apige simu kwanza kutaja vitu vinavyomdhuru, karanga ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Kwepena wanaicheza kwa kidole gumba, wamelala kwenye kochi, na bado wanasema wamechoka.

Sitasema kila kitu kilikuwa kizuri. Siku moja mama alitupeleka sote wawili sokoni Kalerwe. Mama mmoja muuza ndizi alimwona Rehema akafurahi, akamwita mzungu mdogo, akamwongezea ndizi mbili. Aliponigeukia mimi aliniita mudokolo, neno ambalo watu hutuitia sisi wa kaskazini wakitaka kutudharau. Sikuwahi kuitwa hivyo usoni. Mama yangu alitua kikapu chini, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wewe mama, mtoto yangu iko na jina. Hiyo maneno yako rudisha kwa mdomo." Muuzaji aliona haya, na mimi pia nikapewa ndizi. Nililia hadi Wandegeya, nikiwa nakula, na Rehema akanimegea ya kwake.

Tumezeeka pamoja. Yeye anaishi Ggaba, karibu na wanaposhushia samaki, mimi bado niko Nakawa. Mwaka huu kitinda mimba wake alipata mchumba Muganda, ikawa lazima kufanyike kwanjula, ile sherehe ya kijana na jamaa zake kuja kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Rehema akaniomba mimi nisimame niwatambulishe wenyeji, kuanzia na mama wa bibi harusi, yaani yeye mwenyewe. Niliona fahari kubwa. Nikaandika hotuba yangu kwenye daftari, na mstari wa kwanza ulisema: Wakwe zetu, huyu ni Chotara wangu. Kisha kikafuata kile kisa cha darasani, maana nilijua kitawavunja mbavu.

Binti yangu Lamunu, aliye chuo kikuu, aliisoma akiwa amesimama mlangoni na simu mkono wa pili. Akaniambia neno hilo nisiliseme. Nikamuuliza neno gani. Akasema Chotara, ni tusi, watu wa kizazi chake hawalitumii. Nilicheka, nikamwambia hilo ni jina la shangazi yake tangu kabla yeye hajazaliwa, na kwamba wao wanaogopa maneno kuliko tulivyoogopa askari wa zamu. Hakubishana. Aliuliza tu kama nimewahi kumuuliza mwenyewe.

Sikuwa nimemuuliza. Miaka yote hiyo. Nilijaribu kulala mchana, ikashindikana, nikapanda teksi kwenda Ggaba na daftari langu kwenye mkoba. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba rafiki niliyemjua maisha yangu yote simjui.

Nilimkuta uani akikaanga ngege. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea mstari wa kwanza, kisha nikamuuliza kama lile neno lilikuwa linamuuma. Alimgeuza samaki mmoja, akamgeuza wa pili.

"Lilikuwa linauma," akasema. "Si kila siku. Wewe pale Kalerwe uliitwa neno mbaya mara moja, mama yako akakutetea. Mimi nani angenitetea? Watu yenye kuniita ilikuwa nyinyi, na mlikuwa mnanipenda."

Nikamuuliza kuhusu siku ile ya fomu, nikitumaini walau hiyo ilikuwa ya kuchekesha hata kwake. Akaniambia kwamba alikuwa amejizoeza njia nzima ya kwenda shule. Mama yake ni Mlugbara, naye alitaka kusema Mlugbara mbele ya watu wote, ibaki imeandikwa. "Nilikuwa natafuta sauti tu," akasema. "Wewe ukawahi."

Niliona aibu ambayo sikumbuki kuiona tangu nizaliwe. Krismasi zote zile, vicheko vyote vile, naye akiwa ameketi nasi mezani. Machozi yakanitoka. Rehema akanisogeza kwa kiwiko. "Usililie samaki yangu, nimeshaweka chumvi." Tukacheka sote wawili, mimi kwa makamasi, na akanipa kipande cha mkia nishike mdomoni ninyamaze. Nilimuuliza sasa nimwiteje. Akasema mbele ya wakwe na watoto nimwite Rehema. Tukiwa wawili nimwite vile nilivyozoea, yeye ataitika.

Siku ya kwanjula nilivaa gauni la busuti la zambarau lenye mabega yaliyosimama. Hotuba nilikuwa nimeichana. Nilisema: "Wakwe zetu, huyu ni Rehema." Wageni wakapiga makofi ya adabu, wakisubiri ya kuchekesha, nami nikawasimulia jinsi tulivyookoka kwenye karai la kuogea na rungu la baba yangu, wakacheka mpaka mahema yakatikisika. Lamunu alikuwa nyuma akirekodi kwa simu yake. Nilimwona anafuta macho, na kwa mara ya kwanza sikumdhihaki.

Nimekuwa nikimchunguza binti yangu tangu hapo. Jirani zake chuoni wanatoka Kongo na Kenya, na wakikutana na mgeni wanamuuliza kwanza anapenda aitweje, wanamsikiliza, wanajizoeza kulitamka jina lake. Inachukua muda mpaka chai inapoa. Sisi hilo hatukuuliza. Tulikupa jina, tukakupa sahani, tukakuvuta uwanjani jua likiwa bado juu. Ninaikumbuka ile sahani moja ya watoto sita na ninaitamani kweli, ingawa sasa najua mmoja wetu alikuwa akila na kumeza uchungu wake. Hawa wa leo wanajua kuuliza. Kama watakula sahani moja kama sisi, hilo sijui, na ninawaombea.

Ila kuna jambo nililipoteza. Tangu siku ile ya samaki, neno langu la zamani limekataa kutoka, hata tukiwa peke yetu. Wiki iliyopita Rehema alinipigia simu, nami nikaitika kwa furaha, "Rehema, habari za huko?"

"Tuko wawili tu," akasema. "Umekasirika na mimi?"

Nikamwambia sijakasirika hata chembe, ni ulimi tu, bado unajifunza.

"Basi tujifunze pamoja," akasema. "Maana hata mimi, ukisema Rehema, bado ninageuka kuangalia unamwita nani."