Unafuu wa Mwalimu Fausta

Mwalimu Fausta wa Maretadu, kule Mbulu, alijenga nyumba yake kwa miaka kumi na moja, na nani alimsaidia? Hakuna. Mumewe alifariki akimwachia msingi na watoto watatu. Tofali alizifyatua mwenyewe wakati wa likizo, akazichoma, na kila mavuno ya maharage yakageuka bati. Alihamia madirisha yakiwa bado matundu, ameyaziba kwa mifuko ya mbolea, na upepo wa Mbulu mnaujua, haupigi hodi.

Basi redio ikatangaza kwamba serikali itampunguzia kodi ya mshahara mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza. Fausta akapiga hesabu, akaona vioo vyake vimepatikana. Akapanda gari mpaka mjini na nyaraka zake zote.

Ofisa, kijana wa tai, hata hakuzifungua. "Mama, hii nyumba ulinunua kwa nani?"

"Nilijenga."

"Basi hustahili. Unafuu ni wa wanaonunua."

"Maretadu nani ananunua nyumba? Inauzwa duka gani?"

"Mimi sikutunga sheria, mama."

Loo! Hebu niambieni, aliyeitunga aliwahi kukanyaga udongo wa tofali? Anayekuta nyumba imesimama, akatoa hela na kuingia, huyo ndiye wa kuonewa huruma. Aliyepasuka viganja, shauri yake! Akili nyingi huondoa maarifa, na katika ofisi ile maarifa yalishaondoka na kufunga mlango.

Habari ikamfikia Maximilian, mdogo wa marehemu mumewe, bingwa wa kuhudhuria semina, ambaye mahindi yake kila mwaka huliwa na magugu. Akaja Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo, shemeji."

Shikamoo hiyo hakuwahi kuitoa tangu siku ya mazishi. Alipokwisha kunywa chai, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Ni jambo dogo tu. Uniuzie mimi nyumba hii, kwa maandishi. Kesho yake nakuuzia wewe. Si utakuwa umenunua? Unapata unafuu, unaweka vioo, na mimi utanikumbuka kidogo."

Fausta alivitamani vile vioo, tusidanganyane. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akikohoa kila Julai. Akaisoma karatasi mara mbili. Hati ya yeye kuuza ilikuwepo, imekamilika mpaka nafasi ya mhuri. Ya yeye kununua haikuwepo.

"Ile ya pili iko wapi?"

"Bado inachapwa."

Hasira ikampanda. Huyu anataka kumtoa kwenye nyumba yake kwa kalamu yake mwenyewe! Lakini Fausta amefundisha darasa la tatu miaka ishirini. Anajua kumsubiri mwongo.

"Wazo zuri sana, shemeji," akasema kwa upole. "Lakini tuzunguke kwa nini? Nyumba unayo, nami sijawahi kununua. Niuzie ya kwako, kwa maandishi tu. Nikipata unafuu, nakurudishia."

Maximilian akacheka, halafu akaacha.

"Ya kwangu? Hapana, shemeji. Nyumba si kitu cha kuchezea. Mtu akibadilika je? Wanangu watalala wapi?"

Fausta akamrudishia karatasi yake.

"Na wangu, Maximilian, ulikuwa umeshawapangia walale wapi?"