Noella, Karai na Tovuti

Noella Bouchard hakuipenda kompyuta, na kwa jinsi nilivyowaona wakigombana, kompyuta nayo haikumpenda. Lakini msimu ule wa baridi hakuwa na njia nyingine. Mafuriko yalibomoa daraja letu, likajengwa jipya kule chini bondeni, na barabara ikahamia huko. Zamani, kila mwaka mwezi wa tatu, wapita njia waliona mvuke ukitoka kwenye paa la banda lake, wakajua Noella anachemsha utomvu mtamu wa miti ya mepo hadi uwe shira, wakakata kona kuja kuinunua. Biashara yote ilikuwa hiyo. Sasa mvuke ukipanda, wa kuuona ni mimi jirani yake na kulungu.

Nusu ya msitu ule wa mepo ilikuwa ya shemeji yake, Armand, aliyetaka kuwauzia watu wa mbao. Wakakubaliana: shira ya msimu huu ikidoda, Noella atatia saini na miti iangushwe. Marehemu mumewe alianza kuitoboa miti ile kukinga utomvu akiwa mtoto, na babu yake kabla yake.

"Nitatengeneza tovuti," alitutangazia.

Armand alicheka mpaka akashika nguzo. "Shemeji, wewe hata rimoti inakushinda!"

"Rimoti haijatishia kunikatia miti."

Akajaribu programu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kifahari, ina violezo vya kila namna, na picha unaziburuta tu unakotaka. Ya pili ilisifiwa na mkutubi wa mjini kwamba hakuna isichoweza. Kumbe hakuna isichouliza pia. Ya tatu ilikuwa na picha moja, maandishi, basi. Noella aliibeza: "Hii ni ya mtu aliyekata tamaa." Akaikumbatia ile ya kifahari, akawa anachagua rangi kama bibi harusi.

Utomvu ukawahi kutoka. Siku ya kwanza ya kuchemsha, nikiwa naingiza kuni, Noella akaniambia, "Naingia ndani kidogo tu, kuna rangi ya kijani nimeikumbuka." Jamani! Kwetu mtu haachi karai likiwa motoni, hata awe amekuja mgeni wa heshima. Atasalimiwa kutoka hapo hapo. Mimi nilikuwa nje kwenye rundo la kuni niliponusa harufu. Shira ya kwanza ya msimu, ile nyepesi inayogombaniwa, imekuwa lami.

Noella alilia, na mimi nilimkasirikia kwelikweli. Armand alipokuja alichungulia karai, akauliza, "Ndiyo tovuti yenyewe hii?"

Noella alilisugua karai kwa siki hadi likang'aa, kisha akaja bandani na simu mfukoni.

"Nimekosea kuchagua nikiwa nimekaa kitako," aliniambia. "Programu nitaijaribia hapa hapa, karai likichemka. Ninachotaka ni kubadili neno moja tu: *Leo hatuchemshi* liwe *Tunachemsha*. Kwa kidole gumba, kikiwa na utelezi wa shira."

Ile ya kifahari ikafungua madirisha juu ya madirisha. Povu likapanda, Noella akatupia kipande cha siagi likashuka, na programu ikashuka nalo, ikajizima. Ya pili ikadai neno la siri upya, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Ya tatu akaigusa mara moja, neno likabadilika, na jicho lake halijabanduka kwenye karai.

"Hii."

"Si ulisema mbaya?"

"Mbaya, lakini inanisikia."

Akaweka picha ya banda likifuka mvuke, na maelekezo ya kufika kutoka daraja jipya. Kisha akapigilia pale darajani kibao chenye anwani ya tovuti.

Jumamosi iliyofuata akawasha moto, akabonyeza *Tunachemsha*. Tukangoja. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumfariji niliposikia gari, halafu jingine. Kufika saa sita mchana watu wamejaa uani, wanakula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, wakiichanganya na achari ya matango. Armand naye akatokea, mkononi kopo la rangi ya buluu ya kuwekea alama miti ya kukatwa. Alikuwa na uhakika, mzee huyo! Magari yakamzibia njia.

"Shemeji," Noella alimwita bila kugeuza shingo, "weka kopo chini, wahudumie watu. Mimi siachi karai."

Armand akasimama. Akaangalia foleni, akaangalia miti. Akaweka kopo chini.

Kabla theluji haijaisha, Noella alibadili neno mara ya mwisho: *Imekwisha*. Hakutia saini popote. Na pale darajani, chini ya kibao chake, kuna mshale mkubwa wa buluu unaoelekea kwetu. Umepinda. Armand hajui kuchora.