Picha Iliyozunguka Dunia Ikarudi Mezani

Juzi, katika saiba moja mjini Nakuru, nilimkuta mama mmoja kutoka Subukia akisubiri kadi za harusi ya mwanawe. Harusi ilikuwa kesho yake, na picha ya maharusi ilikuwa imegoma.

"Mathe, shida ni hii," mhudumu akaeleza. "Kadi natengeneza na Windows ya kitambo, kwa hivyo ndani ya hii kompyuta nimeweka kompyuta ingine. Picha iko kwa hii ya nje. Ya ndani inaikataa."

Mama akachungulia nyuma ya skrini. "Hiyo ya ndani iko wapi?"

"Haishikiki, mathe."

Mhudumu akaivuta picha kwa mausi, ikarudi. Akakopi, akapesti, wapi! Mwishowe akajitumia kwa imeli, kisha akaifungua imeli hiyo kwenye kompyuta ya ndani. Maharusi hao, meno nje!

"Imepitia wapi?" mama akauliza.

"Imeenda mpaka ng'ambo, ikarudi."

"Kutoka hapa mpaka hapa?" Akapima skrini kwa vidole viwili.

"Eeh."

"Basi ni kama maziwa yetu. Yanatoka Subukia, yanakuja mjini, halafu tunayanunua Subukia yakiwa kwa pakiti."

Saiba nzima ikacheka, mimi nikiongoza. Nilipofika nyumbani Milimani, dada yangu akanipigia kutoka Kanada: je, nimeshampongeza jirani yangu kwa kupata mtoto?

Nikapunguza sauti ya redio. Kweli, nyuma ya ukuta kulikuwa na mtoto akilia.