Bomba Lililopita Juu ya Vitanda

Hebu mwone anavyofika. Wewe bado uko kitandani, na kitanda chako umekiinua juu ya matofali kwa sababu ziwa limeingia chumbani tangu wiki iliyopita na halina haraka ya kutoka. Jua ndiyo kwanza linachungulia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Unasikia maji yanakatwa taratibu, chubwi, chubwi, halafu mtu anakohoa mlangoni.

"Hodi, wenyewe. Fundi anapita."

Ni mfupi, suruali ameikunja juu ya magoti, spana ameiweka begani kama mtu anayekwenda shamba. Hakutazami. Macho yake yako juu, kwenye boriti, mahali bomba la maji linapopita chini ya paa lako kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Anavuta kigoda chako, anapanda, anazungusha nati nusu mzunguko, anaweka kiganja juu ya bomba kama daktari anayesikiliza tumbo. Kisha anashuka. "Asanteni. Laleni." Chubwi, chubwi, huyo kwa jirani.

Ndiye Papa Chérubin. Na kwa jirani, kelele huanza kabla hajafika.

"Mama Mélanie, funika miguu! Fundi wa mbinguni anapita!" Huyo ni Papa Kapinga, mshona nyavu, anamwita mkewe; mtu asiyeweza kuacha asubuhi ipite bila kumtania mtu.

"Miguu yenu niko naiona miaka yote, Papa Kapinga. Haina jipya," fundi anajibu kutoka majini.

"Ya kwangu au ya bibi yangu?"

"Ya kwako njo mibaya zaidi."

Mama Mélanie hucheka hadi kitanda kinalia. Msifikiri walikuwa watu wasio na shida. Walicheka kwa sababu bomba lilikuwa juu, na lilipokuwa juu watoto wao walikuwa wazima. Nitawaeleza.

Chérubin alikuwa Mubembe, mtu wa ufuko wa kaskazini. Alishuka hapa Kalemie kijana, juu ya mtumbwi wa mjomba wake uliopakia mafuta ya mawese, na badala ya kurudi akabaki. Kazi ya mabomba aliipata kwa kushikilia: alimshikilia taa fundi mmoja mzee wa misheni, kisha akamshikilia koleo, kisha mzee akafa, akabaki na koleo. Akamwoa Constance, binti wa watu wa ziwani hapa hapa, wakajenga mtaa wa chini, wakazaa Carine, halafu Abigaël.

Abigaël alikufa kwa kipindupindu akiwa bado hajapoteza jino hata moja. Chérubin hakuelewa. Nyumbani kwake hawakunywa maji ya ziwa. Walikunywa ya bomba, na yalikuwa meupe, ungeona kidole chako chini ya kikombe. Baada ya matanga akachukua jembe, akachimba kufuata bomba lilikopita ardhini. Akalikuta limelala ndani ya tope la ziwa, limetoboka kama kibati cha kukunia muhogo. Maji yakija kwa nguvu, yalitoka nje kwa matundu yale. Yakikatika, tope lilinyonywa ndani. Mtoto wake alikuwa amekunywa ziwa kwenye kikombe safi.

Basi akaamua bomba halitarudi tena ardhini. Lakini lipite wapi? Mtaa ule ni mchanga mtupu, nguzo haikai, na mitumbwi inapita kila mahali. Kitu pekee kilichosimama imara kilikuwa mapaa ya watu. Akaenda nyumba kwa nyumba kuomba: bomba litoboe ukuta wako, lipite juu ya kitanda chako, lining'inie kwenye boriti yako, liende kwa mwenzako. Kila nyumba ibebe maji ya nyumba inayofuata. Wakakubali, kwa sababu wengi walikuwa na Abigaël wao.

Mwanzoni alilining'iniza kwa waya. Sasa, nyumba za matofali mabichi zikilowa miguu hukaa chini polepole kama bibi mwenye magoti mabovu, na kila moja hukaa kwa wakati wake. Ya Kapinga ilishuka, ya jirani ikabaki, bomba likapinda katikati, kiungo kikafunguka juu ya kitanda. Mama Mélanie akaamka analia: "Papa Chérubin, umeniletea maji mpaka ndani ya ndoto!"

Waya haupandi wala haushuki. Ukitaka kulinyanyua bomba, ufungue kila kitu upya huku unaoga. Jambo hilo lilimkaa kichwani hadi Jumapili moja parokiani. Mpiga kinanda alikuwa mfupi, na kabla ya Misa alikizungusha kiti chake, kikapanda juu ya chuma chake cha hesi, zile njia za kuzunguka ambazo nati hupandia. Chérubin alikiona kiti, akaacha kuimba. Constance akamtia kiwiko. Hakusikia.

Kesho yake akakata ukanda wa bati la pipa, akaukunja uwe kama kitanzi cha kubebea mkono uliovunjika, akaufunga kwenye boliti ndefu, akaipitisha boliti kwenye kipande cha chuma kilichokumbatia boriti. Juu akaweka nati mbili, moja ya kubeba, moja ya kuizuia mwenzake isilegee. Nyumba ikishuka kidole kimoja, unazungusha nati, bomba linarudi mahali pake, na tone halianguki. Kitanzi chenyewe hakukikaza. "Bomba liache lipumue," alisema, "ukuta ukisogea nalo liteleze kidogo." Watu wakaviita vyuma vile mikono. Kila nyumba ilikuwa na mikono yake mitatu minne, na kila asubuhi Chérubin alipita kuisalimia. Katika mtaa wote wa chini, nyumba zile hazikuzika tena mtoto kwa ugonjwa wa tumbo.

Ziwa nalo halikuwa limemaliza.

Mvua za mwaka ule zilipokuja, maji yalipanda yasishuke. Watu wakaanza kuhamia juu mlimani. Na mtu anayehama haachi paa, maana mbao na mabati ndiyo nyumba, matofali ni udongo tu. Kila paa lilipong'olewa, mikono ilibaki haina pa kushika. Chérubin akasimamisha nguzo za mikaratusi kwenye magofu, akazikaza kwa matofali yaliyobaki, akahamishia mikono juu yake, akawa anazunguka na spana ndani ya maji ya magoti. Kapinga na Mélanie wakaondoka. Kapinga alijaribu kutania, ikashindikana, akamshika mkono tu.

Mwishowe wakabaki wawili. Chérubin, na mbele yake, peke yake juu ya kichuguu cha changarawe ambacho ziwa lilikuwa limekizunguka, Mama Elisabeth.

Mama Elisabeth alikuwa mjane, mguu mmoja haukunji, ulimi unakunja kila kitu. Mwanawe Ulrich alikuwa Kabalo kwenye kazi ya kupakia mizigo stesheni, na alikuwa ametuma neno: nakuja na treni, nitakuhamisha. Treni ya Kabalo mnaijua. Ikisema inakuja, inakuja, lakini haisemi lini.

"Nikubebe mgongoni twende juu, Mama," Chérubin alimwambia.

"Unibebe nikae wapi? Chini ya turubai yenu kule mlimani, na Constance na mutoto muchanga wa Carine? Ulrich anakuja. Atakuta mama yake kwa nyumba yake."

"Basi mpaka Ulrich afike, maji yatafika kwako. Hiyo nakuahidi."

"Njo hivyo, baba. Sasa nenda, unaniletea baridi."

Ahadi hiyo ilikuwa na uzito ambao Chérubin hakuupima. Kati ya mtaa na kile kichuguu kulikuwa na mawimbi, na mawimbi yaling'oa kila nguzo aliyosimamisha. Bomba la Mama Elisabeth lilishikwa na kitu kimoja tu: paa la Chérubin mwenyewe, ambalo boriti yake ndefu ilitokeza nje kuelekea kwake. Na Constance alikuwa tayari mlimani, chini ya turubai, pamoja na Carine aliyejifungua juzi juzi. Kuta za nyumba yao mpya huko juu zilikuwa zimesimama, tope limekandikwa vizuri. Zilingoja mbao.

Constance alishuka kumfuata. Hakupiga kelele, hakuwa mwanamke wa kelele. Alisimama mlangoni, maji yakicheza na kitenge chake, akatazama juu.

"Mabati yetu inafunika bomba," alisema. "Na sisi, nini inatufunika?"

Chérubin akainua mkono, akagusa bomba.

"Mutoto wa Carine anakohoa. Usiku wote turubai inavuja, tunamuhamisha kona kwa kona kama sufuria. Mimi nilizika mumoja, Papa Abigaël. Usiniambie nizike mwengine kwa sababu ya bomba."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu matanga.

Akaenda kwa Mama Elisabeth kwa mtumbwi wa kuazima. Kabla hajafungua mdomo, bibi kizee alikwisha msoma usoni.

"Ng'oa mbao zako, mwanangu. Ahadi nakurudishia, iko pale kwa meza, ichukue."

"Mama, na maji?"

"Mimi nimezaliwa ninakunywa hili ziwa."

"Wakati ule halikuwa hivi."

"Basi utaniletea kwa bidoni. Au mikono yako ni ya chuma peke yake?"

Walicheka, wote wawili, kicheko kifupi. Chérubin akashusha paa. Mikono ya mwisho aliifungua mwenyewe, nati kwa nati, akaziba bomba kwa kipande cha mti. Mbao zikapanda mlimani juu ya vichwa vya watu wa parokia. Na kila asubuhi aliteremka, akajaza bidoni mbili, madumu ya plastiki, kwenye mdomo wa bomba lililobaki, akavuka, akazipanga ndani kwa Mama Elisabeth. "Hii ya kunywa, Mama. Ziwa la kuoga tu." "Nimesikia, daktari."

Halafu ikaja ile mvua iliyokata njia. Korongo la mlimani lilibomoka, maji yakabeba daraja la miti, na paa jipya lilikuwa limepigiliwa upande mmoja tu. Upepo ulinyanyua bati. Chérubin alilala juu yake kwa tumbo huku Constance akimpa misumari kutoka chini na mtoto akilia ndani. Siku hiyo hakushuka. Siku ya pili njia ilikuwa bado tope la kiunoni, na paa lilikuwa bado na upande ulio wazi. Alihesabu moyoni: bidoni mbili, bibi mmoja. Zinatosha. Angeweza kuzunguka kwa njia ndefu ya reli, nusu siku kwenda. Alitazama njia ile. Kisha akapanda tena juu ya paa, akapigilia.

Paa likakamilika. Mtoto akalala pakavu. Constance alimpikia ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akakaa karibu naye hadi alipomaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Aliposhuka, kichuguu kilikuwa kimya. Mama Sonia, muuza ndagala anayepita kwa mtumbwi, ndiye aliyemwona Chérubin kwanza.

"Mama Elisabeth tulimupeleka kwa kituo cha kipindupindu, jana. Mimi na wavuvi tulimubeba."

"Lakini nilimuachia maji!"

"Maji ilikuwa inaisha, Papa. Unamujua. Nilipita pale na mvua, akaniita ndani, akanipa ya bomba, akasema mgeni haondoki kwangu na kiu. Wavuvi walijificha mvua kwake, akawapa nao. Watoto wa mtumbwi mwengine, nao." Mama Sonia akashusha sauti. "Yeye nilimuona anachota ya ziwa hapo mlangoni. Nikasema, Mama, hapana. Akasema hii ya bidoni ni ya watu. Kesho Chérubin anakuja."

Chérubin alikimbia hadi kituoni. Alimkuta wamekwisha mfunika.

Wakamzika mlimani, kwa sababu chini hapakuwa na ardhi. Kapinga aliimba, Mélanie akashindwa kuimba. Chérubin alichimba, akakataa kupokewa jembe.

Treni ya Kabalo ilifika baadaye, ilipotaka yenyewe. Ulrich alipanda mlimani na begi lake bado begani. Ni kijana mpana, ana macho ya mama yake, na alikuwa ameuliza habari kwa kila mtu tangu stesheni. Na watu, kwa kutaka kumfariji, walikuwa wamemweleza walichokijua: bomba, mikono, ahadi, bidoni kila asubuhi. Mama Sonia peke yake hakusema lolote.

Alimkuta Chérubin ameketi mbele ya nyumba yake mpya, mtoto wa Carine amelala kifuani mwake. Akapiga magoti pale kwenye tope, mtu mzima yule, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Papa Chérubin. Wameniambia yote. Ulimpelekea mama yangu maji mpaka mwisho, hata siku moja hukukosa. Mimi mtoto wake sikufika, wewe ulifika. Aksanti, Papa. Hiyo njo inanilaza usingizi. Aksanti."

Nyuma ya Chérubin, mlangoni, Constance alikuwa amesimama. Alikuwa anajua siku zile mbili za mvua mumewe alikuwa wapi: juu ya paa. Mtoto akapumua vizuri, bila kukohoa. Ulrich bado alikuwa amepiga magoti, anangoja neno.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, kama mkono ule ungekuwa wako, ungeipokea asante ile, au ungemwambia?