Ruba ndani ya Beseni

Mume wangu alipoanza kutoka damu puani, hakuna aliyeshtuka. Wachungaji wa Bugomora walikuwa wakiinama kunywa maji palepale bwawani ng'ombe wanaponyweshwa, na mara mojamoja ruba humwingia mtu puani, akajishikiza humo na kunyonya damu mpaka anenepe. Kila mji ulikuwa na kisa chake. Mama mkwe wangu alikuwa na dawa yake pia: beseni la maji baridi. Mgonjwa alitakiwa kuinamisha uso karibu kabisa na maji na kutulia, mpaka ruba ayahisi atoke mwenyewe.

Basi kila asubuhi baada ya kukamua, mume wangu aliinamia beseni, na mama yake akachuchumaa kando akimchungulia pua. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nikiona haya kucheka mbele ya mkwe. Tukiwa wawili nilimtania mume wangu kwamba ruba wake ni mbishi kama yeye.

Utani uliniisha mvua zilipokatika. Damu ilitoka tundu la kulia tu, na sasa tundu hilo lilikuwa limeziba kabisa. Siku moja nilimpa maziwa kutoka kwenye kibuyu ambacho hakikufukizwa. Kwetu, maziwa yasiyonukia moshi hurudishwa, tena na maneno juu. Yeye aliyanywa yote, akanishukuru. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Baadaye meno ya juu ya upande ule yakafa ganzi, na jicho likaanza kujitokeza. Mama mkwe alisema ruba amekua. Nilimkasirikia, lakini ningemwambia nini? Sikuwa na neno la kuweka mahali pa ruba.

Tulimuaga mama mkwe kwamba tunakwenda kuwasalimia wazazi wangu. Nyaishozi tukapata lori la kahawa, likatufikisha hospitali ya misheni. Daktari Mzungu alimmulika puani na mdomoni, akambonyeza shavu, kisha akasema na mkalimani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Si ruba," mkalimani alituambia. "Ni uvimbe. Ndani ya mfupa wa shavu mna uwazi, kama chumba kitupu. Uliota humo. Ulipokuwa na nafasi haukukuuma, ndiyo maana hukuujua. Sasa chumba kimejaa, unasukuma jicho."

"Si aukate?" mume wangu aliuliza.

"Anasema umekwisha kupita pa kukatwa, bwana. Ungekuja mapema, labda."

Tulipokaribia nyumbani mume wangu alisimama. "Mama asijue," alisema. "Hana mwingine ila mimi."

Kesho yake akainamia tena beseni, kama mtoto mtiifu. Mimi nilikaa mbele yao nikichambua maharage. Nilikuwa nachukia ruba tangu utotoni. Sasa nilimwomba Mungu atoke ruba, hata wawe kumi, hata wanirukie mimi usoni. Nilikodolea macho yale maji mpaka nikasahau maharage.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni niliposikia vigelegele. Nikatoka mbio. Ruba mweusi, mnene, alikuwa akijinyonganyonga ndani ya beseni. Majirani walikusanyika, na mama mkwe akawaonyesha mmoja mmoja. Kisha akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu," alisema. "Sikukwambia tu. Sasa nitalala."

"Lala, mama," mume wangu akajibu. "Yamekwisha."

Alinitazama kwa lile jicho lake zima, akingoja. Nami nikapiga vigelegele. Miguu yake ilikuwa na tope bichi la bwawani mpaka magotini, na ng'ombe walikuwa bado zizini.