Vichezeo Viwili Viwili

Wajukuu wangu hudhani kwamba watoto wa zamani tulicheza na vumbi tu. Si kweli. Nyumba yetu ya Homa Bay, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, ilikuwa na vichezeo vingi kuliko viti. Kulikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya rangi ya viatu, mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba ya mkonge, pia za kuzungusha za mti wa mpera, manati, filimbi za bua la mtama, na kundi la ng'ombe wa udongo waliovunjika pembe kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Vyote vilikaa chini, kwenye njia ya kwenda jikoni. Mimi ndiye niliyefagia, kwa hiyo mimi ndiye niliyevichukia.

Tena vilikuwa viwili viwili. Wadogo zangu walikuwa pacha, wavulana, na nyumbani kwetu pacha hakupewa kitu peke yake. Ukimpa mmoja shati, sharti mwingine apate shati. Ukimchapa mmoja, mwingine naye aguswe fimbo kidogo asije akajiona ametengwa. Mjomba aliyewatengenezea magari ya waya hakuthubutu kuja na moja. Alingoja amalize la pili, hata kama ni wiki tatu, ndipo aje.

Walipofika miaka minne, surua ilipita mtaani ikamchukua mmoja. Kwetu pacha akifa hakuliliwa. Nyanya na wazee wenzake waliamini kwamba ukimlilia, unamwita yule aliyebaki amfuate. Kwa hiyo alizikwa kimyakimya nyumbani kwa nyanya, na mama akarudi Homa Bay akapika uji kama siku zote. Yule aliyebaki alikuwa bado ana homa, hakuona kitu. Alipopata nafuu akauliza mwenzake yuko wapi. Baba, karani wa serikali ambaye hakuzoea kudanganya, akamwambia amepelekwa Mfangano, kisiwani kwa shangazi, mpaka apone vizuri. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Niliitwa kando nikaambiwa kwamba nikifungua mdomo nitaua mtu wa pili.

Basi tukaendelea hivyo. Baba alipoleta peremende, alileta mbili. Mtoto alikula yake, ya mwenzake akaitia kwenye kopo la majani ya chai. Humo alitia pia njugu, vipande vya muwa, na mara moja kichwa cha samaki mkavu. Sisimizi walijaa ukutani kama walioandikiwa barua. Kila Jumamosi nililimwaga kopo hilo kwa siri, na kila Jumatatu lilianza kujaa tena. Jioni, kabla ya chakula, alipanga vichezeo safu mbili sakafuni, yake na ya ndugu yake, na alifuta vumbi vile vya ndugu yake kwanza, ili akirudi asivikute vichafu. Hivyo mwaka wa kwanza, hivyo mwaka wa pili. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa imeanza kunichosha. Nasema kama ilivyokuwa.

Kisha baba akahamishiwa Migori. Jambo la kwanza ambalo mtoto aliuliza lilikuwa kama shangazi anajua tunakohamia.

"Nitamwandikia," baba akasema, akatoka nje haraka.

Tulipewa lori, lakini nusu ya lori ilikuwa ya mwenzake baba wa kazini aliyehama pamoja nasi. Mama akaleta sanduku moja la sabuni, la mbao, alilopewa na mwenye duka wa mtaani kwetu, Mwislamu kutoka Mombasa. Akaliweka katikati ya chumba.

"Nyathina, mwanangu, kitakachoingia humu kitaenda Migori," akaniambia. "Kisichoingia kitabaki. Ukimaliza lipigilie misumari." Kisha akamchukua mdogo wangu wakaenda sokoni kuuza kuku ambao hatungeweza kuwabeba.

Ilitokea kwamba muhula ule tulikuwa tumefundishwa usafi wa nyumba. Mwalimu alitwambia tugawe vitu mafungu matatu: kilichovunjika, kisichotumika, na kilichozidi. Kilichozidi, alisema, ni kile ambacho tayari unacho kingine kama hicho. Katika somo hilo nilikuwa wa kwanza darasani, na mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani si mtu wa kuachwa peke yake na nyundo.

Nilianza na ng'ombe. Wasio na pembe niliwarudisha kwenye udongo wa nyuma ya nyumba. Filimbi zilizopasuka zikaenda jikoni kuwashia moto. Mdoli wangu wa gunzi la mahindi, ambaye hakuwa na uso wala mikono na ambaye sikuwa nimemshika tangu mwaka uliotangulia, nilimwita kifaa cha shule nikamtia kwenye mfuko wangu wa vitabu. Ndipo nikafika kwenye fungu la tatu. Gari moja ndani, moja nje. Pia moja ndani, moja nje. Manati, mpira, hivyo hivyo. Kopo la majani ya chai nililitupa shimoni pamoja na vilivyomo, na kusema kweli hapo nilifurahi.

Nilijua ninalolifanya? Nilijua nusu. Nilijua ndugu yetu amekufa, na kwamba aliyekufa hachezi. Nilijua sanduku ni dogo. Nilijua pia nimechoka kufuta sisimizi kwa ajili ya uongo wa watu wazima. Kwamba mdogo wangu alikuwa akiyatazama magari yale mawili kila jioni ili ajue ndugu yake bado yupo, hilo sikulifikiria. Lingenichukua dakika moja tu kulifikiria.

Vilivyozidi nilivifunga kwenye khanga nikampelekea mwenye duka.

"Mzee, nimeleta hii vitu ya watoto yako. Ni asante ya sanduku."

"Hivi vyote, mwanangu?" akasema, akilizungusha gurudumu la gari kwa kidole. "Mashallah. Mama yako amepata mtoto mwenye akili."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Sanduku lilifungika bila kusukuma, nafasi ikabaki hata ya sahani zetu tatu za bati. Mdogo wangu aliporudi kutoka sokoni alilikuta limekwisha pigiliwa. Akaliinamia, akajaribu kuchungulia katikati ya mbao.

"Vimeingia vyote?"

"Vyako vyote vimeingia," nikamwambia. Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa njiani, na nililiona zuri sana.

Migori wakati ule ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka pande mbili, na watu waliosema Kijaluo, Kikuria na Kiswahili katika sentensi moja. Nyumba yetu mpya ilikuwa na madirisha makubwa yaliyotazama njia ya sokoni. Tulifika mchana. Asubuhi iliyofuata baba alikwenda kuripoti kazini, mama akawa anapanga jikoni, nami nikaling'oa sanduku misumari, kwa sababu nilitaka sahani.

Mdogo wangu akaanza kutoa vitu vyake. Aliweka gari sakafuni, akaacha nafasi pembeni yake. Akaweka pia, akaacha nafasi. Akaweka mpira na manati. Alipofika chini ya sanduku alipapasa kwa mkono, kisha akaliinua akalipindua. Ilianguka misumari miwili. Akatazama safu yake moja kwa muda mrefu. Hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa:

"Vyake mmempelekea Mfangano?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningeweza kusema ndiyo, nasi sote tungeendelea na maisha yetu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa nimeshasema uongo mmoja wiki hiyo, na wa pili sikuuweza.

"Hapana. Niliwapa watoto wa mwenye duka."

"Akirudi atacheza na nini?"

Nilitazama sahani nilizokuwa nimeshika. Mtoto yule hakuwa mjinga, alikuwa tu amewaamini watu wake. Nilimwona akiwaza, taratibu, mpaka akafika.

"Amekufa," akasema.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mtoto akamgeukia.

"Mama, amekufa?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Baba anajua?"

"Anajua."

"Na huyu?"

"Anajua pia."

Niliona haya kuliko siku yoyote nyingine maishani mwangu, na nimeishi siku nyingi. Nilidhani atanirushia gari lile la waya, na nilitamani anirushie. Lakini hakunitazama tena.

"Mlilia bila mimi," akamwambia mama.

"Hatukulia," mama akasema. "Pacha haliliwi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akamtazama mama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto wa miaka sita, wala sijaiona tena kwake hata alipokuwa mtu mzima.

"Hata wewe? Alikuwa wako!"

Mama akakiweka kisu chini. Kisha naye akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akaanza kulia kwa sauti, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi, na watu ambao hawakutujua wakasimama njiani wakiulizana ni nani aliyekufa katika nyumba ile ya wageni.